Harufu ya maka pen darasani

SWALI: Nafundisha chumba kidogo, naandika ubao mweupe tangu asubuhi. Jioni kichwa kinaniuma. Je, harufu ya maka ni sumu? – Mwalimu, Morogoro

JIBU: Mwalimu, wino wa maka nyingi za ubao mweupe siku hizi huyeyushwa kwa alkoholi, kama ethanoli au isopropanoli. Chumba kikipitisha hewa, mvuke wake ni mdogo mno kumdhuru mtu mzima mwenye afya. Kikifungwa, hujikusanya: macho na koo huwasha, kichwa huuma, na mwenye pumu huanza kubanwa kabla ya wengine. Fungua madirisha ya pande zinazotazamana. La upande mmoja husukuma hewa kidogo tu. Funika maka kila unapoacha kuandika, mpaka kifuniko kilie “ta”.

Soma maandishi ubavuni. Ukikuta zailini au tolueni, yaani viyeyusho vyenye mvuke mkali zaidi, hasa kwenye maka za wino usiofutika, usiiingize darasani.

Wengi hulaumu maka na kusahau spiriti ya kufutia ubao, ambayo hutoa mvuke mwingi zaidi kwa mkupuo. Ipake wanafunzi wakishatoka, kwa kitambaa, si kwa kumwagia.

Kichwa kikiendelea kuuma hata siku za mapumziko, kapime presha na macho.