Mkono usinuke panya: kumlisha chatu kwenye baridi ya Mbeya

Asubuhi za Julai hapa Uyole ukungu unalala hadi saa nne, na maji ya bomba yanauma vidole. Asubuhi moja ya namna hiyo, miaka tisa iliyopita, nilikuwa mgeni kabisa kwenye kazi ya kuhudumia nyoka, katika bustani ndogo ya maonyesho yenye kibali. Nilitoka kusafisha mabanda ya panya weupe tunaowafuga kwa chakula. Mikono niliisuuza tu, bila sabuni, kwa kuogopa baridi ya maji. Nikachukua panya aliyeuawa mapema, ameshapoa, nikamshika mkia kwa vidole viwili na kufungua kifuniko cha boksi la chatu jike, urefu wake mita mbili hivi.

Sikumwona akitoka. Nilichoona ni kichwa chake kimeshika nyama ya chini ya dole gumba langu, na mwili unajizungusha kwenye mkono. Panya alikuwa chini, hajaguswa.

"Usivute, mwanangu! Usivute!" alipiga kelele mzee aliyekuwa akinifundisha kazi. Nilikuwa nimeshavuta. Meno ya chatu yamepinda kuelekea ndani, kooni, kwa hiyo ukivuta unajichana mwenyewe. Kovu nililonalo ni la kuvuta, si la kung'atwa.

Nyumbani kila mtu aliniambia nyoka huyo ana hasira, amenichukia. Hapana. Nataka mtu yeyote anayelisha nyoka alielewe hili kabla ya kununua chombo chochote: wakati wa chakula nyoka hakuumi kwa ugomvi, anakuuma kwa sababu amekudhania chakula. Na mara nyingi ni sisi tuliomfanya adhani hivyo.

Angalia alichokuwa nacho siku ile. Ulimi wake hukusanya harufu kutoka hewani, na harufu ya panya ilikuwa kwa panya na kwenye vidole vyangu vilevile. Kwenye midomo chatu ana vishimo vidogo vinavyohisi joto. Katika chumba kile cha baridi panya wangu alikuwa kama jiwe la mtoni, na kitu pekee chenye joto kilichonuka panya kilikuwa mkono wangu. Alichagua sawasawa kabisa.

Ndiyo maana huku nyanda za juu, Mbeya, Iringa, Njombe, kosa hili linatugharimu kuliko mtu wa Dar es Salaam, ambako chumba chenyewe kina joto. Siku hizi sitoi panya aliyepoa. Namtia kwenye mfuko wa plastiki, naufunga vizuri asilowe, naloweka kwenye ndoo ya maji ya nyuzi 40 hivi kwa dakika kumi au kumi na tano, hadi nikimgusa nahisi ana joto kuliko kiganja changu. Akiwa ametoka kwenye friza, kwanza anayeyuka taratibu usiku kucha kwenye friji, ndipo anakuja kwenye ndoo. Kichwa nakikausha na kukiacha kiwe sehemu yenye joto zaidi. Maji yanayochemka usitumie, tumbo la panya hupasuka. Na panya awe amekufa. Panya hai ana meno, na nimeshaona nyoka aliyetafunwa mgongo na chakula chake mwenyewe.

Halafu koleo. Vidole vikae mbali: koleo lisipungue sentimita 40, na kwa chatu mkubwa tafuta la 60. Langu nilichongewa na fundi wa kuchomelea pale Mwanjelwa, na ncha zake nimezivisha vipande vya tyubu ya baiskeli, kwa sababu nyoka akikosea na kuuma chuma kitupu anaweza kuvunja meno. Fundi huyohuyo alinikunjia nondo nyembamba iwe ndoano. Kwa maoni yangu ndoano hiyo ina faida kuliko koleo lenyewe.

Faida yake ni hii. Nyoka akizoea kwamba kila boksi likifunguliwa panya anashuka, basi siku unapokuja kubadilisha maji anakuja na mdomo wazi. Kwa hiyo mimi hufungua boksi mara nyingi bila chakula, na kila ninapotaka kumshika au kusafisha, kwanza namgusa ubavuni kwa ndoano, polepole, mara mbili tatu. Utamwona analegea na kuanza kutoa ulimi taratibu. Ameelewa si chakula. Siku ya kula simgusi kwa ndoano kabisa, naingiza koleo moja kwa moja kutoka pembeni, si kutoka juu ya kichwa. Chatu yule alichukua kama miezi miwili kuzitofautisha siku hizo.

Nyoka wawili wasile kwenye boksi moja. Watashika panya mmoja, kila mmoja upande wake, na wewe utaingiza mkono kuwaachanisha. Mwenye macho yaliyofifia kama maziwa anakaribia kujivua ngozi, haoni vizuri na hushtuka upesi, mwache siku chache. Chatu wa zaidi ya mita mbili na nusu asilishwe na mtu mmoja, hata uwe na uzoefu wa namna gani.

Akishameza, usidhani amemaliza. Hamu ya kushambulia hubaki kwa saa kadhaa. Bakuli la maji likipinduka, liache hadi kesho, au litoe kwa koleo. Kumshika ngoja siku mbili nzima, vinginevyo anaweza kutapika.

Baridi ina jambo lingine tena. Nyoka hana joto lake mwenyewe la kusaga chakula. Umeme unaopasha boksi joto ukikatika usiku wa Julai, panya anaweza kuozea tumboni. Kama huwezi kumhakikishia upande mmoja wa boksi wenye nyuzi 30 hivi, usimlishe wiki hiyo. Chatu mzima mwenye afya anaweza kukaa wiki kadhaa bila kula na asipate neno.

Akikuuma licha ya yote, kaza moyo utulie. Mwagia kichwa chake maji baridi yanayotiririka, au tone la spiriti mdomoni, mara nyingi huachia. Kama amejizungusha, mfungue kuanzia mkiani. Osha kidonda kwa sabuni na maji mengi, angalia kama kuna jino limebaki ndani, kisha nenda hospitali ukaulizie sindano ya pepopunda.

Haya yote ni ya nyoka wasio na sumu. Kifutu, swila na koboko si nyoka wa kuwekwa nyumbani kwa mtu, na sitamfundisha mtu kuwalisha kwa makala. Hata chatu ni mnyamapori: Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inataka uwe na kibali. Ukimkuta shambani kwenye mahindi, mwache aende zake, amekupunguzia panya.

Jike yule ninaye bado, na bado namlisha mimi. Kuna kijana ananisaidia sasa. Kabla hajagusa koleo ananinyooshea mikono yote miwili, nami nainusa, kiganja na kati ya vidole. Ikinuka panya anarudi bombani na sabuni, hata kama ni Julai na vidole vinamuuma.