Pampasi chooni, nepi kambani

Choo chetu cha shimo kimejaa kabla ya wakati, na wapakuaji wanalaumu pampasi. Si karatasi tu zile? (Mama wa mapacha, Mbagala)

Si karatasi, mama. Chukua mkasi upasue moja mpya. Ganda la nje ni plastiki, na kile kitambaa laini cha ndani ni plastiki pia. Katikati kuna nyuzi za miti zilizochanganyika na chembe nyeupe kama chumvi. Zimiminie maji: zinafura papo hapo na kuwa jeli. Shimoni kwako zinafura vivyo hivyo. Mpira wa kunyonyea wa gari la maji taka ukikutana nazo unaziba, na kuna mtu atashuka kuzitoa kwa mikono. Huyo ndiye ninayemfikiria kila nikiulizwa swali hili.

Mama mkwe amenikataza kuzichoma, eti mtoto ataungua makalio. (Mzazi mpya, Morogoro)

Mtoto hataungua, lakini mtii mama mkwe. Pampasi iliyolowa haiwaki, inafuka, na moshi wa plastiki unaingia humo humo alimolala mwanao. Kinyesi kikung'ute chooni, maana cha mtoto kinaambukiza kama cha mtu mzima. Kisha iviringishe, ifunge kwa gundi zake, iende na gari la taka.

Nepi za kitambaa zinakula maji na sabuni. Mazingira yanapona kweli? (Baba, Mombasa)

Inategemea unavyofua. Uingereza, ripoti ya serikali ya 2008 ilikuta nepi na pampasi zinakaribiana kwa gesi zinazoipasha dunia joto, kwa sababu ya umeme wa kuchemshia maji na kukaushia. Ukianika kambani hesabu inageuka, na jua wewe unalo. Mtoto wa pampasi 5 kwa siku anamaliza 1,825 kwa mwaka. Mvalishe nepi mchana, ubakize pampasi moja ya usiku: zinakuwa 365. Khanga kuukuu iliyokatwa vipande inafaa kabisa, tena ni laini kuliko nepi nyingi za dukani. Toa kinyesi kwanza, loweka zote pamoja, fua mara moja kwa siku. Anayenunua maji kwa dumu simlaumu kwa pampasi mbili.

Na waipsi je, si sawa na toilet pepa? (Dada, Arusha)

Hapana. Toilet pepa inalowa na kusambaratika. Waipsi nyingi zina nyuzi za plastiki. Hata pakiti ikisema zinafaa chooni, tupa kwenye ndoo ya taka. Nyumbani tumia kitambaa cha pamba na maji ya vuguvugu, waipsi uziweke za safari.