Binti anakwenda Iceland na shule: majibu ya mwalimu aliyewahi kusindikiza wanafunzi huko

Dada, umeuliza kama umruhusu binti yako wa miaka kumi na tano aende Iceland na shule yake hapa Uingereza. Umesema gharama ni kubwa, babu yake kule Moshi amesikia habari za volkano na hataki hata kuisikia hiyo safari, na wewe mwenyewe huoni ataleta nini zaidi ya picha. Mimi nafundisha jiografia huku na nimesindikiza wanafunzi Iceland mara tatu. Jibu langu ni mruhusu. Ila kabla hujalipa hata senti moja, angalia pasipoti.

Iceland imo katika eneo la Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja; Uingereza haimo. Mtoto mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya, hata kama ameishi hapa tangu chekechea na kibali anacho, kwa kawaida anahitaji viza. Katika safari yangu ya pili tulimwacha kijana mmoja wa Kikenya. Fomu ya shule ilikuwa imeuliza pasipoti inaisha lini, haikuuliza ni ya nchi gani. Tulipogundua zilikuwa zimebaki wiki tatu na nafasi za miadi ya viza zimekwisha. Asubuhi ya kuondoka alikuja kutuaga kwenye basi, akasimama pembeni mpaka tukapotea. Sura yake bado ninayo. Kamuulize mratibu wa safari kesho, usingoje kikao cha wazazi.

Kuhusu volkano, mweleze mzee hivi. Mlipuko ambao dunia nzima inaukumbuka ni wa Eyjafjallajökull wa 2010, uliosimamisha ndege Ulaya kwa siku kadhaa. Volkano ile iko chini ya barafu. Magma, yaani mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, ilipokutana na maji ya barafu iliyoyeyuka ilipasuka ikasagika kuwa majivu laini, na upepo ukayabeba mpaka bara la Ulaya. Milipuko ya rasi ya Reykjanes iliyoanza 2021 ni ya namna nyingine: ardhi inapasuka kwa mstari mrefu na lava inatiririka juu ya ardhi. Ina madhara yake. Mji wa wavuvi wa Grindavík, wenye watu wapatao 3,800, ulihamishwa tarehe 10 Novemba 2023, na Januari iliyofuata lava ikafika na kuunguza nyumba. Lakini watu walikuwa wameshaondolewa, kwa sababu matetemeko yanafuatiliwa saa kwa saa na wenyeji wanatii wanapoambiwa waondoke. Safari za shule zinapangwa kwa kufuata taarifa hizo hizo.

Mimi kinachonitia hofu ni bahari. Kuna ufuko unaitwa Reynisfjara, mchanga mweusi tii, nguzo za basalti, mwamba wa volkano, zimejipanga ukutani kama mianzi iliyofungwa pamoja. Mawimbi madogo yanakuja matano, sita, mtu anazoea, halafu linakuja moja linalopanda mbali kuliko yote na kurudi na kila kitu. Watu wamefia pale. Mwaka wa kwanza mvulana wetu mmoja aliipa bahari mgongo ili apigwe picha, na maji yakamfika magotini kabla sijamaliza kuita jina lake. Tulimvuta kwa begi. Mwambie binti yako neno moja tu kuhusu ufuko huo: asiipe bahari mgongo, na anapoambiwa mwisho ni hapa, mwisho uwe hapo.

Sasa ataleta nini. Darasani ninachora mabamba ya dunia, yale mapande makubwa ya gamba la dunia, ubaoni, mishale miwili inaachana, watoto wananakili. Kwenye bonde la Þingvellir wanatembea ndani ya mchoro huo. Mabamba yanaachana kama sentimita 2 kwa mwaka. Wengi wanadhani watasimama mguu mmoja Amerika na mwingine Ulaya, kumbe eneo linalotanuka lina upana wa kilomita kadhaa, na ukuta wa Almannagjá wanaopita chini yake ni ukingo wa upande wa Amerika Kaskazini tu. Pale Strokkur, chemchemi inayorusha maji ya moto juu, nawaambia waweke simu chini na wapime muda kwa saa. Maji yanatulia, halafu yanavimba kama kuba la bluu, kwa sekunde moja tu, kisha yanapasuka kwenda juu mita 20 hivi. Aliyekuwa anatazama kupitia simu kuba hilo hakuliona.

Lakini siku ninayoingojea kila safari ni ya Sólheimajökull, mto wa barafu unaoshuka kutoka Mýrdalsjökull, barafu inayoifunika volkano ya Katla. Wanafungwa vyuma vya meno chini ya viatu na wanapanda na kiongozi. Wanategemea weupe, wanakuta barafu yenye michirizi meusi na vichuguu vyeusi vilivyochongoka, kimo cha magoti, vingine kiuno. Msichana mmoja alidhani ni mawe. Kiongozi akagonga kimoja kwa sururu yake, ukoko wa majivu ukabanduka, ndani barafu safi inang'aa. Akawauliza kwa nini. Walibishana pale kwa dakika kumi na mimi sikuwasaidia. Mwishowe yule msichana akalipata jibu: tabaka jembamba la majivu linavuta joto la jua na kuyeyusha barafu haraka, tabaka nene linaifunika kama blanketi, kwa hiyo pembeni panayeyuka na penye majivu mengi panabaki pamesimama. Nilikuwa nimelifundisha jambo hilo miaka na miaka bila mtoto hata mmoja kulijali.

Kwa chini kuna ziwa. Kabla ya mwaka 2009 hivi hapakuwa na ziwa pale, palikuwa na barafu. Wanafunzi wa shule ya mji wa jirani, Hvolsvöllur, hupima kila mwaka tangu 2010 barafu imerudi nyuma kiasi gani. Watoto wa shule, wanapima barafu yao inavyokwisha.

Hapo ndipo mimi, mtoto wa Marangu, koo linapokaza. Kibo, kilele cha Kilimanjaro, imepoteza zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo 1912. Na haiondoki kwa njia moja: Iceland barafu inayeyuka kiangazi na kuwa mito, Kibo kule juu ni pakavu mno, na sehemu kubwa inageuka mvuke moja kwa moja bila kuwa maji. Binti yako anaweza kuwaeleza wenzake hilo. Vilevile watakapopelekwa kwenye mtambo wa jotoardhi wa Hellisheiði, unaotumia joto la chini ya ardhi, ajue kwamba Wakenya wengi wanaoendesha visima vya mvuke vya Olkaria, Kenya, walisomea Iceland, katika mafunzo ya Umoja wa Mataifa yaliyoanza huko 1979. Bonde letu la Ufa nalo linatanuka, polepole zaidi. Asikae kimya nyuma ya basi akidhani somo hili ni la wengine.

Fedha: omba kulipa kwa awamu, na uulize kwa siri kama shule ina mfuko wa kusaidia. Mara nyingi upo. Nimeona watoto wetu wakibaki nyumbani kwa sababu mzazi aliona haya kuuliza, na inaniuma kila mara. Nguo usinunue mpya. Shule nyingi zina makoti ya mvua ya kuazima, mengine utayapata mitumba. Jinzi asivae kabisa, ikilowa kule haikauki siku nzima. Kofia ya sufu, glovu jozi mbili, soksi za kutosha. Na asishtuke maji ya bafuni yakinuka yai viza, ni salfa ya chini ya ardhi, hayamdhuru.

Halafu kabla hajaondoka, ampigie babu. Amuulize alipokuwa mdogo theluji ya Kibo ilikuwa inashuka mpaka wapi ukiitazama kutoka nyumbani kwao, na aandike jibu kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la safari. Nilimuuliza baba yangu swali hilo hilo. Alitoka nje na simu, akasimama uani, akaanza kunionyesha kwa mkono kana kwamba namwona.