Fungua hilo kabati kwanza, maana ya mateso utaitafuta baadaye

Ndugu, umeuliza tofauti ya mateso, dhiki na uchungu ili upate la kusema kwenye kikao cha familia, na kwa nini Mungu anamwacha mja wake ateseke. Halafu katikati umetaja, kama jambo dogo, kwamba mzee wako ana saratani ya tezi dume iliyofika kwenye mifupa, amepewa morfini ya maji, dawa kali ya kutuliza maumivu, na wewe umeifungia kabatini kwa sababu mateso yanasafisha. Niliposoma hapo nilisimama. Mpe dawa yake leo.

Mimi nilimnyima mama yangu siku 11. Ilikuwa Tanga, saratani ya shingo ya kizazi. Hospitali walinipa chupa na maelezo. Nikiwa njiani kurudi nikapita kwa jamaa mwenye duka la dawa, mtu ninayemheshimu, akaniambia hiyo ni dawa ya kumalizia watu, na asipokufa atakuwa teja. Jioni akaja mzee mmoja wa mtaani kumjulia hali, akasema haya maumivu ni mtihani na kila usiku yanampunguzia dhambi, nisimkatie thawabu zake. Wote wawili walikwenda kulala makwao. Aliyebaki akiuma kanga meno yasigongane ni mama. Nina hasira nao mpaka leo, na sioni haja ya kuificha. Mtu anawezaje kuyapima maumivu ya mwenzake kwa thawabu, kisha akaomba chai?

Siku za mwanzo mama alikuwa akiniambia, "Mwanangu, inauma." Namjibu, "Subiri mama, ni mtihani." Siku ya tano akaacha kuniambia. Nikimwuliza hali anasema sijambo, nami nikawatangazia ndugu kwamba mama amepata subira. Mama alikuwa ameona tu kwamba kwangu hapati kitu.

Siku ya 11 akaja muuguzi wa tiba shufaa, ile huduma ya kumpunguzia maumivu na shida mgonjwa mwenye maradhi mazito. Alikaa kwenye mkeka, akamshika mkono, akamwuliza, "Mama, kinachokutesa ni nini?" Akanyamaza. Alinyamaza muda mrefu mpaka mimi nikaanza kujibu kwa niaba ya mama, akanizuia kwa kiganja. Mama akasema, "Nasahau rakaa. Nikianza kuswali maumivu yananikata, sijui nimefika ya ngapi."

Mimi niliyeshika chupa kwa ajili ya imani yake ndiye niliyekuwa namkosesha swala.

Hapo ndipo nilipojifunza haya maneno unayoyauliza. Maumivu yanatoka kwenye kuuma, kama jino linavyouma na kama mbwa anavyouma, na hayo yana dawa. Mateso yanatoka kwenye kutesa, na kitenzi hicho kinataka mtendaji. Nyumbani kwetu mtendaji hakuwa saratani peke yake. Dhiki kwa Kiarabu ni wembamba, kubanwa mahali pasipo upenyo. Mama aliitamka siku tatu baada ya kuanza dawa, alipopata nguvu ya kusema sentensi ndefu: "Nina dhiki." Nikakimbilia chupa. Akasema si hiyo. Alikuwa ameshapokea zamu yake ya upatu na hakumaliza kuwachangia wenzake, anaogopa kufa na deni la watu. Morfini hailipi upatu. Nililipa mimi kesho yake, akalala mchana kutwa.

Yule muuguzi alinieleza kwamba Cicely Saunders, aliyefungua hospisi ya St Christopher's, nyumba ya kuwatunza wagonjwa walio karibu na kufa, kule London mwaka 1967, alifundisha kuyatazama maumivu ya mgonjwa kwa ukamilifu wake: ya mwili, ya akili, ya mahusiano na ya roho. Lakini ukiuacha mwili ukiungua, hayo matatu mengine mgonjwa hapati hata pumzi ya kuyataja. Ndiyo kanuni yangu, sina nyingine: tuliza mwili kwanza, kisha uliza, kisha nyamaza. Maana ya mateso aitaje anayeteseka. Hata rafiki zake Ayubu walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila neno. Walimuumiza walipoanza kumfafanulia.

Na hilo la kumalizia watu, mama aliishi wiki sita baada ya kuanza dawa, na aliyemwua ni saratani. Siku mbili tatu za mwanzo mzee atasinzia sana, usishtuke, ana usingizi wa kufidia. Choo kitakuwa kigumu karibu kwa hakika, kwa hiyo kama hukupewa dawa ya kulainisha rudi ukaidai. Kiasi cha kumpa ni kile kilichoandikwa kwenye chupa yake, usisikilize cha jirani. Usingoje alie ndipo umpe, maana ile ya maji inafanya kazi kwa muda wa kama saa nne tu. Mimi nilichora mistari kwenye daftari la mwanangu: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8, saa 12 jioni, saa 4 usiku. Ile ya mwisho muuguzi alituandikia kipimo maradufu kwa mkupuo mmoja ili mama avuke usiku bila kuamshwa.

Sasa hivi ni karibu saa 4. Nenda kwa mzee.