Unajifunza Kichina? Sikiliza vijineno vilivyochakaa

Majira yangu ya kwanza ya baridi Beijing, mabomba ya joto chumbani kwangu yalikuwa baridi kama chuma cha geti, na tarehe 15 Novemba, siku joto linapowashwa mji mzima, ilishapita. Nikamfuata mama mwenye nyumba uani. Alikuwa amekumbatia kabichi mbili kubwa. Akanijibu, "Huítóu zài shuō," akaendelea na safari yake. Huí nililijua, kurudi. Tóu ni kichwa. Nikasimama pale nikingoja ageuke tuongee. Hakugeuka, maana alichoniambia ni "tutaongea baadaye" tu.

Nilipotulia nikaiona njia ya lile neno. Mtu anayegeuza kichwa kutazama nyuma ameshapiga hatua kadhaa, kwa hiyo muda umepita kidogo. Neno likahama kutoka shingoni likaenda kwenye saa. Tangu siku ile, kila kijineno cha Kichina ninachokutana nacho nakiuliza: kabla ya kazi hii, ulikuwa unafanya kazi gani? Nakuomba nawe ufanye hivyo, hasa kama unajifunza ili uishi na watu.

Chukua ba, ile ya mwisho wa sentensi. Asili yake ni bà, yenye toni ya nne (toni ni mwendo wa sauti, kupanda au kushuka, unaobadili maana ya neno) inayoshuka kwa nguvu, maana yake kuacha au kukoma. Bado utalisikia zima kwenye bàgōng, kugoma, yaani kuacha kazi. Lilipozoeleka mwishoni mwa kauli, toni ikafifia, ukali ukaisha, likabaki la kulainisha maneno. Sisi Waswahili hapa tuna bahati. Basi yetu imetoka kwenye neno la Kiajemi la "inatosha", na kila mtu anajua "njoo" na "njoo basi" hazifanani. Mimi kwa miezi mingi niliwaambia wenzangu "Zǒu!" nikidhani nasema twende, wao walisikia amri. Rafiki mmoja akanivuta pembeni: sema "Zǒu ba." Nilisikitika kwamba hakuna darasa lililonifundisha hilo mapema.

Ma ya kuulizia ina umri mkubwa zaidi. Mshairi Bai Juyi, aliyeishi kati ya mwaka 772 na 846, alimwalika rafiki jioni theluji ikikaribia, akamaliza shairi kwa kumuuliza kama ataweza kunywa kikombe kimoja, neno la mwisho likiwa wú, "hakuna". Ni sawa na sisi tunavyosema "utakunywa, au hapana?" Zamani neno hilo lilianza kwa sauti ya m, na wanaozungumza Kikantoni, Kichina cha kusini, hadi leo wanalitamka mou. Kule kukana kulikokuwa mkiani ndiko kulikochakaa hadi kukawa ma.

Kwa hiyo tega sikio kwenye toni. Neno likitamkwa jepesi na haraka, mara nyingi maana yake ya kamusi imeshaanza kuondoka. Mtu akisema nèige, nèige huku akitafuta la kusema, usihangaike kutazama anaonyesha kitu gani, ingawa kamusi itakuambia ni "ile".

Mimi naweka daftari lenye safu mbili: kushoto kazi ya zamani ya neno, kulia sentensi niliyoisikia, pamoja na nani alimwambia nani. Hiyo ya nani kwa nani usiiache hata ukiwa umechoka. Ndiyo iliyonionyesha kwamba ba haimwagwi kila mahali kama chumvi. Ukiombwa msaada ukajibu "Hǎo," umekubali. Ukijibu "Hǎo ba," umesema "haya basi", na aliyekuomba ataondoka akijua moyo wako haukutaka.