Klachi Kavu Haitaki Grisi: Nililolipia Mara Mbili

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Chake Chake aliniandikia hivi: “Shikamoo mwalimu. Vespa yangu inatetemeka kila ninapoiondoa, na fundi ananiambia klachi imekauka, inataka grisi. Nimruhusu?” Klachi ni kile kifaa kinachoshika na kuachia nguvu ya injini iendayo kwenye gurudumu. Nilimjibu palepale kwamba asimruhusu, lakini baadaye nikaona jibu fupi namna ile halimtendei haki, kwa kuwa mimi mwenyewe niliwahi kutoa ruhusa hiyo hiyo, na mpaka leo nikikumbuka roho inaniuma.

Hapa Zanzibar skuta yoyote tunaiita vespa, na jina hilo ndilo lililonipoteza. Vespa zenyewe, zile ambazo Piaggio ilianza kuziunda Pontedera, Italia, mwaka 1946, zilijulikana kwetu kwa gia zake za kubadilisha kwa mkono wa kushoto, na klachi yake imo ndani kwa ndani pamoja na gia, ikiogelea katika oili. Marehemu baba alikuwa nayo moja ya aina ya PX, na kazi yangu utotoni ilikuwa kumshikia karai anapomwaga oili chafu, kisha kumpimia robo lita ya oili mpya namba 30. Alipobadilisha sahani za klachi alizilaza usiku kucha ndani ya oili kabla ya kuzifunga. Kwa hiyo nilikua nikiamini kwamba klachi isiyopata mafuta huungua, na kwa vespa ya baba imani hiyo ilikuwa sahihi kabisa.

Skuta ninayopanda sasa ni Honda ya cc 110, isiyo na gia za kubadilisha, niliyoinunua ikiwa imeshatumika ili inipeleke skuli upande wa Paje. Njia yangu inapita katika msitu wa Jozani, ambako yamewekwa matuta barabarani ili magari yasiwagonge kima punju, na kwenye matuta hayo ndiko matatizo yalikoanzia: kila nilipopunguza mwendo na kuongeza moto tena, skuta ilitetemeka kuanzia chini ya kiti hadi kwenye mikono ya usukani. Niliipeleka kwa fundi wa makamo ambaye mtaani kwetu hakuna anayemshinda kwa vespa za zamani. Aliisikiliza, akatikisa kichwa, akasema, “Mwanangu, klachi hii imekauka.” Nilimwamini kwa sababu alisema lile lile ambalo baba angelisema. Alifungua kifuniko cha ubavuni akapaka grisi ya beringi za magurudumu kila mahali alipoona chuma kinasuguana na kingine.

Siku mbili skuta ilikwenda laini, nami nikamsifu kwa kila mtu. Siku ya tatu, nikipanda tuta la mwisho la Jozani, injini ilipiga kelele kubwa lakini gurudumu halikuvuta, na harufu ya kuungua ikanijaa puani. Niliisukuma kwa miguu juani, na wanafunzi wangu wakakosa vipindi viwili. Fundi hakukubali kosa. Alisema mkanda, ule unaopeleka nguvu ya injini nyuma, ulikuwa mbovu, akaniuzia mwingine, akapaka grisi tena, na baada ya wiki mbili nikawa pale pale, mkanda mpya ukiwa umeng'aa kwa mafuta. Kilichoniumiza zaidi ya fedha ni kwamba nilipomuuliza sababu aliniambia mambo ya injini si ya wanawake.

Aliyenifungua macho ni fundi mwingine, kijana, ambaye alikubali nikae kwenye kigoda pembeni yake wakati anaifungua. Mbele, kwenye ncha ya shafti ya injini, kuna puli ambayo mafundi huiita variata, na ndani yake zimo rola sita, yaani vipande vidogo vya duara vinavyobingirika. Injini ikizidi kuzunguka, rola husukumwa kwenda nje, nazo huubana ukuta wa puli hadi mkanda ukapanda juu. Nyuma kuna puli ya pili inayofunguka kwa kushindana na springi, na juu yake imefungwa klachi yenye shuu tatu ambazo hutanuka kwa kasi ya mzunguko na kulishika kwa ndani bakuli la chuma linalolizungusha gurudumu. Mkanda huvuta kwa kubana, na shuu huvuta kwa kusugua. Mahali penye kazi ya kusugua na kubana, tone moja la mafuta linatosha kuondoa nguvu yote, na grisi ya kawaida ikipata moto hulegea, ikarushwa na mzunguko hadi kwenye mkanda na kwenye shuu.

Basi grisi inakwenda wapi? Inakwenda ndani ya puli ya nyuma, kwenye zile pini ndogo zinazoteleza katika mifereji yake na kwenye beringi zake, nayo iwe grisi ya kuhimili joto kali, tena kidogo, kwa kuwa imezuiwa na sili na oringi, yaani mipira ya kuzuia mafuta yasivuje, ambazo zikichakaa lazima zibadilishwe. Pini zinazobeba shuu hupakwa utando mwembamba tu, kisha kidole kikapanguswa kabla ya kugusa kitu kingine. Shafti ya kiki nayo hupata kidogo. Gia za nyuma, zilizofungiwa peke yake karibu na gurudumu, zina oili yake, na kwa skuta yangu ni mililita 120 tu, kiasi ambacho wengi hukisahau miaka kwa miaka. Rola hutegemea aina ya skuta: zipo ambazo kitabu chake kinaagiza grisi ndani ya variata iliyozibwa kwa sili, na zipo zinazotakiwa kuwa kavu. Yangu ni kavu. Ndiyo maana nasisitiza kitabu kisomwe kwanza, kitabu cha skuta yako wewe, si cha jirani.

Na ule mtetemeko wa mwanzo? Hapakukosekana grisi hata kidogo. Shuu zilikuwa zimejaa vumbi na zimekuwa ngumu na kung'aa usoni, na bakuli lilikuwa na kutu, maana skuta yangu hulala jirani na bahari. Kijana alilisugua bakuli kwa msasa, akazikwaruza shuu kidogo, akapangusa vumbi kwa kitambaa kibichi badala ya kulipuliza kwa mdomo, kwa kuwa vumbi hilo si la kuvutwa kifuani. Kazi yote haikufika saa mbili, na tangu siku hiyo kifuniko kile nakifungua mwenyewe.

Ndugu zangu, tusikubali skuta zetu zifunguliwe tukiwa tumekwenda sokoni. Kaa pale, uliza kila kopo lina nini na linapakwa wapi, na fundi akikasirika kwa kuulizwa, chukua skuta yako uondoke. Fedha ni yako, na anayebaki njiani ni wewe. Nawaambia hasa dada zangu, ambao tunanyamazishwa mapema: ulizeni.

Kijana wa Chake Chake alinitumia picha juzi. Bakuli lake lilikuwa limelowa, lakini si kwa grisi: oili ya gia ilikuwa inapenya kwenye sili ya shafti na kumwagikia klachi. Nimemwambia abadilishe sili hiyo kwanza, aoshe bakuli na puli kwa dawa ya kusafishia breki, anunue shuu na mkanda vipya kwa sababu vilivyokwisha kunywa oili havitakati tena, kisha apime oili ya gia upya.