Shangazi wa Jiji: "Hii Dar wanayoisifia iko wapi?"

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, wa kiume ana miaka 11 na wa kike ana 6. Tulihamia Dar es Salaam kutoka Tukuyu mume wangu alipopata kazi, tunakaa Mbezi, ndanindani huku. Nisikufiche, Dar imenishinda. Joto, vumbi, foleni, na kila unachogusa ni hela. Ninakokujua ni Kariakoo ninakonunua sare za shule, benki, hospitali, na Stendi ya Magufuli ninakopokea wageni. Wikiendi baba watoto anakuwa hoi, watoto wanashinda na katuni. Binti yangu bahari ameiona kwenye simu tu. Sasa mama mkwe amekuja kutibiwa macho, yuko nasi mpaka mwisho wa Agosti. Juzi ameniuliza, "Mwanangu, hii Dar wanayoisifia iko wapi?" Nikakosa jibu, maana hata mimi siijui. Hela yetu ni ya mawazo. Sisi ni Walutheri, kama hilo linasaidia. Nianzie wapi?
Mama Wawili, Mbezi

Marahaba mwanangu. Mama mkwe mpe salamu zangu nyingi, na umwambie swali lake nimelipenda. Nataka apate jibu kabla hajapanda basi la kurudi Tukuyu.

Nimeisoma barua yako nikaona kitu kimoja. Kote ulikokutaja, ulipelekwa na shida. Kariakoo ni sare, hospitali ni macho ya mama, benki ni mkopo au ada, stendi ni kubeba mizigo ya wageni. Mimi nimezaliwa Magomeni, baba yangu alikuwa fundi cherehani, na nimefundisha shule ya msingi Ilala mpaka nikastaafu. Nakuambia hata sisi wa hapahapa, mtu akitoka nyumbani kwa shida tu mwaka mzima, Dar anaichukia. Itafutie familia yako siku ambayo hamlidai jiji kitu nalo haliwadai. Hamnunui sare, hammwoni daktari, hamna karatasi ya kusainiwa. Mnatembea.

Umeniandikia wakati mzuri. Juni mpaka Agosti hapa kwetu kunapoa, upepo wa kusi unavuma, na mtu wa Tukuyu anaweza kutembea saa nne asubuhi asizimie. Januari na Februari nisingekushauri.

Anzeni Jumapili. Daladala mpaka Kimara, pale mpande basi la mwendokasi la Kivukoni. Jumapili alfajiri watoto wanapata siti ya dirishani, jambo ambalo Jumatatu hulioti. Huyo mkubwa mpe kazi ya kutaja kila kituo kwa sauti ili bibi yake ajue walipo. Mtoto wa miaka 11 akipewa kazi ya kweli haulizi simu. Mkifika Jangwani mwonyesheni bibi bonde la Mto Msimbazi, ambalo masika yakikolea linajaa maji mpaka barabara inafungwa.

Shukeni Posta ya Zamani. Mkivuka barabara tu mko Azania Front, kanisa lenye mnara na vigae vyekundu linaloitazama bandari. Wajerumani walilifungua mwaka 1902, leo ni la KKKT, kanisa la Kilutheri, kwa hiyo ni kwenu. Salini ibada ya mapema. Binti yako akitoka nje ya mlango bahari hiyo hapo mbele yake, na meli zimo. Mwacheni aangalie mpaka achoke mwenyewe, msimwambie "haya twende".

Mkiifuata barabara hiyo ya ufukweni mtapita St. Joseph la Wakatoliki, la miaka hiyohiyo, kisha mtafika kwenye jengo la mawe linaloitwa Boma la Kale. Hilo ni la zamani kuliko Wajerumani. Lilijengwa miaka ya 1860, wakati Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alipoamua kuanzisha mji kando ya kijiji cha Mzizima. Kuta zake ni mawe ya matumbawe. Waambie watoto waweke viganja ukutani waone yale matundutundu. Ni mawe yaliyokuwa na uhai baharini. Ndani kuna maonyesho ya historia ya majengo ya Dar. Mkikuta pamefungwa, mlango wa kuchonga peke yake unatosha.

Kutoka hapo pandeni mpaka Mtaa wa Samora, kwenye sanamu ya Askari. Hapa nataka mkae kidogo, maana watu laki nzima wanaizunguka kwa gari na hawajawahi kuisoma. Iliwekwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliopigana na kufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Muulizeni mdogo: bunduki ya askari imeelekea wapi? Imeelekea bandarini. Halafu mkubwa asome maandishi ya Kiswahili yaliyo chini yake, kwa sauti, ninyi msikilize. Wapagazi wametajwa humo kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Wanaume hao walibeba risasi na unga mabegani nchi nzima, na wengi sana walikufa kwa maradhi na uchovu, si kwa risasi. Kambi yao ilikuwa pale Kariakoo, hapohapo unapobishania bei ya sare. Nimewasomesha watoto jambo hilo miaka mingi, na kila mara kuna mmoja anayenyamaza ghafla kisha akauliza, "Walilipwa?" Ukiulizwa, mjibu kwamba wengi familia zao hazikulipwa chochote. Msimfiche mtoto.

Siku hiyo inatosha. Rudini nyumbani mle.

Jumamosi nyingine, Feri, kwenye soko la samaki. Hapa mama mkwe ndiye mgeni rasmi. Mtu aliyekulia karibu na Ziwa Nyasa anaijua mbasa, anaijua usipa, sasa umwonyeshe changu, kolekole, nguru na pweza. Mfike asubuhi mapema, boti za usiku zikiwa zimerudi. Samaki wanamwagwa juu ya meza ya zege, mnadi anamshika mmoja kwenye mashavu na kumwinua juu ili wote waone jicho lake, na bei zinaanza kupandishwa haraka hata usielewe nani kasema nini. Mara fungu limeshauzwa. Mwambieni mama atazame jicho la samaki: likiwa limetokeza na linang'aa, huyo ni wa leo, likiwa limezama na lina ukungu, mwacheni. Mkishapata wenu, nendeni kwa vijana wa kuparua. Mwanao asimame hatua mbili nyuma, maana magamba yanaruka mpaka usoni. Kijana anapitisha kisu mara tatu, utumbo umetoka, matamvua yametoka, anawasuuzia na kuwafungia. Kama hamtaki kubeba samaki kwenye basi, wakaangaji wako pembeni na makarai yao. Mnaletewa wa moto na ndimu.

Mkishakula, pandeni pantoni kwenda Kigamboni na kurudi. Hamna mnalofuata Kigamboni. Ni dakika chache za maji kwa nauli ndogo mno, na binti yako atakuwa amesafiri baharini. Simameni pembeni muone mlango wa bandari na meli kubwa zikiingizwa na tagi, zile boti za kuvuta meli. Shika mkono wa mtoto wakati wa kupanda na kushuka, watu wanakimbia pale hata kama hawana haraka. Simu iweke ndani ya nguo.

Sasa nakuja kwenye ninakokuona wewe hasa. Mpeleke mama mkwe Makumbusho ya Kijiji, pale Barabara ya Bagamoyo. Kituo chenyewe kinaitwa Makumbusho, konda yeyote anakijua. Pamefunguliwa tangu mwaka 1967. Ndani zimejengwa nyumba za asili za makabila yetu kwa ukubwa wake kamili: msonge wa Wahaya, tembe la Wagogo, na nyumba ya mianzi ya Wanyakyusa. Mtanzania analipa kidogo mlangoni. Mkifika kwenye nyumba ya Wanyakyusa, wewe na mwongozaji mnyamaze. Mwache mama aseme.

Mwaka mmoja nilipeleka darasa la nne, na bibi mmoja alikuja kumsindikiza mjukuu wake. Tulipofika kwenye nyumba ya Wachaga, mwongozaji akawa anasoma maelezo yake vizuri tu. Bibi akaomba ruhusa, akaingia ndani, akatuonyesha kwa mkono: ng'ombe hapa, jiko hapa, sisi watoto tulilala huku, na usiku ukisikia ng'ombe anahema unajua mambo ni salama. Mjukuu wake, mtoto wa Ilala aliyekuwa anaona aibu bibi anapoongea kwa lafudhi ya mlimani, alimshika kanga na hakumwachia mpaka tunapanda gari. Watoto wako wanamwona bibi yao kama mgonjwa aliyekuja kutibiwa. Pale watamwona kama mwenye nyumba.

Na kwa kuwa mnakaa upande huo, siku moja mpitisheni Mabibo, soko la Mahakama ya Ndizi. Malori yanashusha mikungu ya kutoka Mbeya na Kilimanjaro. Mwacheni achague mwenyewe na awapikie. Hakuna haja ya kueleza zaidi.

Kuhusu baba watoto, usimburuze. Mwanaume anayeamka saa kumi alfajiri siku tano kuwahi foleni ana haki ya kulala Jumapili. Mwachie jambo moja tu na uliweke mikononi mwake: mihogo ya Coco Beach. Jioni jua likipungua awachukue watoto, awanunulie mihogo ya kukaanga yenye kachumbari na pilipili, wakae mchangani. Kuogelea hapana, mawimbi ya pale si ya watoto. Yeye achague siku. Ukimpangia ratiba atachoka kabla hajatoka mlangoni.

Hela. Bebeni chapati, mayai ya kuchemsha na maji ya nyumbani, na mkubali kwamba kitu kimoja tu ndicho mtanunua kila mnapotoka. Watoto wachague ni nini: dafu, askrimu au kashata. Wakijua ni kimoja hawalii. Sikuelekezi kwenye yale maduka makubwa yenye viyoyozi, ingawa najua majirani watakuambia ndiko kwa kupeleka watoto. Mtoto akitoka mle anajua nembo za viatu, hajui anaishi wapi.

La mwisho kwako wewe mwenyewe. Popote mtakapopapenda, rudini, na mnunue kwa mtu yuleyule. Muuza dafu mmoja, mkaanga samaki mmoja. Mara ya tatu atakuuliza, "Bibi hajambo? Macho yanaendeleaje?" Kwenye jiji la watu zaidi ya milioni tano kwa sensa ya 2022, mtu wa kukuulizia habari za mama mkwe ni mali, na ndiyo Dar unayoitafuta. Tukuyu ulikuwa nao tangu kuzaliwa. Hapa unawatengeneza mwenyewe, na unaweza.

Shangazi, shikamoo. Baba yangu ni mzee wa miaka 70 na kitu. Ujana wake alikuwa kuli bandarini, na tulipokuwa wadogo alikuwa anatusimulia walivyoshusha reli za TAZARA kutoka kwenye meli za Wachina. Siku hizi macho hayaoni vizuri, amekuwa mkimya, anakaa kibarazani tu. Nataka nimtoe siku moja na wanangu. Lakini asiyeona atafurahia nini?
Kijana wa Temeke

Marahaba baba. Huyo mzee hahitaji kuona, anahitaji kuulizwa.

Reli hiyo ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka hapa mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia, na vyuma vilivyotoka China vilipita kwenye mikono ya watu kama baba yako. Sasa wanao wanapita kila siku mbele ya stesheni ya TAZARA bila kujua kwamba babu yao ana sehemu yake mle. Mpelekeni. Ulizia kwanza siku za treni ya abiria, mwende siku inayoondoka, kwa sababu ule ukumbi mkubwa ukiwa mtupu ni zege tu. Ukiwa na abiria na magunia yao, mzee atasikia kila kitu. Mkalisheni kwenye benchi katikati ya watu.

Wanao waende na maswali waliyoandika kwenye daftari, ya vitu vinavyoshikika: chuma kimoja kilibebwa na watu wangapi, mlikula nini mchana, Wachina mlielewana nao kwa lugha gani, nani aliumia. Wakiuliza "babu, zamani ilikuwaje?" atawajibu "ilikuwa nzuri" na kunyamaza. Mmoja arekodi kwa simu, mwingine aandike majina ya wenzake atakaowataja, kwa kuwa huenda baadhi yao bado wako Keko na Kurasini, na safari ya pili inaweza kuwa ya kwenda kuwasalimu.

Chukueni bajaji iwafikishe mpaka mlangoni. Kuvuka Barabara ya Nyerere kwa miguu na mzee asiyeona vizuri, magari yanavyokimbia pale, sikushauri.